Hati ni Tendo: Kuifundisha Jamhuri ya Natalia kwa Maandishi ya Wakati Wake



Kuhama kwa Makaburu kutoka Rasi, huko Afrika Kusini, ni mada kongwe katika madarasa yetu. Mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania hukariri sababu za uhamaji huo: utawala wa Waingereza, kufutwa kwa utumwa, uhaba wa ardhi, mapigano ya mpakani na Waxhosa. Kisha hukariri matokeo yake: vita na Wazulu, kuanzishwa kwa jamhuri za Makaburu, upanuzi wa Waingereza ukiwafuata nyuma. Siku ya mtihani huzipanga sababu hizo kwa namba na kupata alama zake. Lakini mwulize amejuaje kwamba mambo yalikuwa hivyo, naye hatakuwa na jibu ila kwamba kitabu kimesema, au mwalimu amesema. Hajawahi kuwekewa mbele yake tamko lolote la waliohama, wala neno lolote la waliohamiwa. Amefundishwa hukumu bila kuonyeshwa ushahidi, na mtu aliyezoea kupokea hukumu za namna hiyo huzipokea popote, hata nje ya darasa.

Ninapendekeza tuanze na Jamhuri ya Natalia. Iliundwa na Makaburu mwaka 1839 katika nchi iliyo kati ya mto Thukela na mto Mzimvubu, makao yake makuu yakiwa Pietermaritzburg, ikiongozwa na baraza la wajumbe 24 lililoitwa Volksraad. Waingereza waliitwaa mwaka 1843. Jamhuri iliyoishi miaka minne ni fursa adimu kwa mwalimu, kwa sababu hati zake kuu ni chache, na darasa moja linaweza kuzifuata tangu kuzaliwa kwake hadi kufa kwake bila kupotea njiani. Jamhuri nyingine za walowezi ziliishi muda mrefu hata zikapata nafasi ya kuyapamba maandishi yake. Hii haikuipata nafasi hiyo. Katika miaka minne ililazimika kusema waziwazi nani ni raia, ardhi ni ya nani, kazi itafanywa na nani, na nani aondoke.

Hoja yangu ni kwamba kila hati tunayowapa wanafunzi isomwe kama tendo. Mtu fulani, mahali fulani, aliiandika ili mtu mwingine afanye jambo au aache kulifanya. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama hati ni ya kweli au ya uongo, mwanafunzi aulize: ilikusudia kumfanya nani afanye nini, na ni nani aliyebeba gharama yake? Mwalimu akiliruka swali hili, vyanzo vya msingi havitamsaidia mwanafunzi kitu. Atakuwa amehama tu kutoka kukariri kitabu hadi kukariri hati.

Tuanze na tamko la Piet Retief, mmoja wa viongozi wa Makaburu waliohama, lililochapishwa katika gazeti la Grahamstown tarehe 2 Februari 1837. Retief analalamikia wazururaji, hasara waliyopata wenye watumwa baada ya utumwa kufutwa, mifugo iliyoporwa mpakani, na wamishonari waliowachafulia Makaburu jina. Anaahidi kwamba huko waendako hakuna atakayewekwa utumwani, wala hawatamnyang'anya mtu yeyote mali yake. Papo hapo anasema kwamba watahifadhi uhusiano uliostahili, kwa maoni yake, kati ya bwana na mtumishi. Mwanafunzi anayesoma kwa haraka ataiona hati ya watu wapenda uhuru. Anayeuliza iliandikiwa nani ataona mengi zaidi. Ilichapishwa kwa Kiingereza, katika gazeti lililosomwa na maofisa wa serikali ileile iliyokuwa ikihamwa, na ombi lake kubwa ni kwamba serikali hiyo isiwafuate. Uingereza ilikuwa imefuta utumwa katika Rasi kuanzia Desemba 1834, kisha ikawaweka walioachiwa chini ya unagenzi wa lazima hadi mwaka 1838. Mhamaji aliyetaka kuachwa aende zake hakuwa na budi kuukana utumwa hadharani, na aliyetaka wenzake wamfuate hakuwa na budi kuwahakikishia kwamba watumishi wao watabaki watumishi. Hati moja ilizungumza na wasikilizaji wawili kwa wakati mmoja. Mwanafunzi akiliona hilo, hana haja tena ya kuuliza kama Retief alikuwa mkweli au mnafiki. Atataka kujua ni ahadi ipi kati ya hizo mbili iliyotekelezwa, na jibu litatoka kwenye hati zinazofuata.

Hati ya pili ina mvutano mkubwa kuliko zote: hati ya ardhi yenye tarehe ya 4 Februari 1838, ambamo inasemekana mfalme Dingane wa Wazulu alimpa Retief na watu wake nchi yote kuanzia Thukela hadi Mzimvubu, iwe yao milele. Retief alikuwa amefika Mgungundlovu, makao ya mfalme, mwishoni mwa mwaka 1837. Dingane alimpa sharti la kuirudisha mifugo iliyochukuliwa na Sekonyela, chifu wa Batlokwa. Retief aliitimiza kazi hiyo, akarudi na wenzake wapatao 70 pamoja na watumishi wapatao 30, na tarehe 6 Februari wote waliuawa kwa amri ya mfalme. Hati yenyewe, kwa ushuhuda wa Makaburu, ilipatikana katika mfuko wa ngozi kando ya mabaki ya Retief mwezi Desemba mwaka huohuo, baada ya vita vya Ncome, ambamo Makaburu waliwashinda Wazulu. Hati asilia ilipotea wakati wa vita vya Waingereza na Makaburu vya 1899 hadi 1902, na tulichonacho ni nakala. Katika miaka ya 1920 mwanahistoria George Cory aliitilia shaka kisha akaikubali, na wengine baada yake wameendelea kuihoji.

Walimu wengi wakifika hapa huligeuza somo kuwa kesi ya kughushi: je, hati ni halisi au si halisi? Ni swali halali, na darasa lijifunze kulichunguza: nani aliikuta, nani aliithibitisha, karatasi imepitia mikono gani. Lakini likifanywa swali la pekee hutupotosha, kwa kuwa linafanya ionekane kwamba saini ikiwa ya kweli, basi nchi ilikuwa imeuzwa. Tuchukulie kwamba alama ya msalaba iliyo chini ya karatasi iliwekwa na Dingane kwa mkono wake. Bado tunapaswa kuuliza aliamini anafanya nini. Mwaka 1824 Shaka, mfalme aliyemtangulia Dingane, aliweka alama yake kwenye karatasi iliyompa Mwingereza Francis Farewell haki katika ghuba ya Natal, palipo Durban ya leo. Katika miaka ya 1830 Allen Gardiner, nahodha aliyegeuka mmishonari, naye alipata idhini ya Dingane juu ya eneo hilohilo. Mwanafunzi akiziweka idhini hizi tatu mezani atakuta kwamba mfalme wa Wazulu alikuwa akiwaruhusu wageni kuikaa nchi chini ya mamlaka yake, kama alivyoweza kumruhusu chifu yeyote, na kwamba ruhusa ya mmoja haikumzuia kumpa mwingine. Wageni nao walikuwa wakijiandikia umiliki wa kudumu, unaorithiwa na unaomfungia nje kila mtu mwingine. Iliyobishaniwa ni nchi moja, lakini matendo yalikuwa mawili: la mfalme aliyekaribisha na la mgeni aliyenunua. Karatasi ililitunza la pili peke yake kwa sababu mgeni ndiye aliyeshika kalamu.

Gharama ilibebwa na nani? Na watu ambao hawatajwi mahali popote katika hati. Kati ya Thukela na Mzimvubu waliishi Waafrika wa koo na himaya nyingi. Wengine walikuwa wametawanywa na vita vya enzi ya Shaka, na baada ya Dingane kushindwa walirejea kwa maelfu kwenye makaburi ya babu zao. Walowezi waliwaita wavamizi waliokuja kufuata ulinzi wao, na kwa vizazi vingi vitabu vya shule vya Afrika Kusini vilifundisha kwamba Makaburu walikuta nchi tupu. Ushahidi ulio mzito kuliko wote dhidi ya madai hayo umo katika maandishi ya walowezi wenyewe, nami nataka tuutazame kwa makini, maana ndipo palipo kiini cha somo.

Mihtasari ya vikao vya Volksraad inaonyesha baraza lisilopumzika kuhusu Waafrika. Liliamua kwamba shamba moja lisiwe na familia zaidi ya tano za Waafrika, kiasi cha kutosha kwa kazi ya mwenye shamba. Mwezi Agosti 1841 likaazimia kwamba waliozidi waondolewe na kuhamishiwa kusini, kati ya mto Mtamvuna na Mzimvubu. Kabla ya hapo, Desemba 1840, kikosi cha jamhuri kilimshambulia Ncapayi, chifu wa Wabhaca, kwa tuhuma za wizi wa mifugo. Watu wapatao 30 waliuawa, ng'ombe wapatao 3,000 wakachukuliwa, na watoto 17 wakagawiwa kwa walowezi kama wanagenzi. Sasa mwanafunzi arudi kwenye tamko la mwaka 1837 na ahadi zake. Ile ya kutomweka mtu utumwani imekutana na watoto 17 waliotekwa vitani. Ile ya kutomnyang'anya mtu mali imekutana na ng'ombe 3,000. Ile ya kuhifadhi uhusiano wa bwana na mtumishi imetekelezwa kwa hesabu ya familia tano kwa kila shamba. Na kuhusu nchi tupu, darasa halihitaji kuambiwa na mwalimu: baraza halipitishi azimio la kuwahamisha watu ambao hawapo. Wajumbe hawakukusudia kutuachia ushahidi wa kuwapo kwa Waafrika. Walikusudia kuwaondoa, na katika kutoa amri hiyo wakathibitisha kwamba watu hao walikuwapo.

Kanuni hiyohiyo iwahukumu na Waingereza, la sivyo tutakuwa tumebadilisha shujaa tu. Azimio la mwaka 1841 lilimgusa Faku, mfalme wa Wampondo, kwa kuwa nchi waliyotaka kuwatupia watu hao aliihesabu kuwa yake. Tayari baada ya shambulio la Ncapayi, Faku alikuwa ameomba ulinzi wa gavana wa Rasi kwa msaada wa wamishonari. Waingereza walipeleka jeshi. Mwezi Mei 1842 Makaburu waliwashinda huko Congella na kuwazingira, hadi meli zilipowafikia mwezi uliofuata. Mwaka 1843 kamishna Henry Cloete alifika Pietermaritzburg na masharti ya serikali yake, yakiwemo kwamba sheria isibague watu kwa rangi, asili, lugha wala dini, na kwamba utumwa wa namna yoyote ni marufuku. Volksraad liliyakubali mwezi Agosti, huku wanawake wakiongozwa na Susanna Smit wakimwambia Cloete kwamba ni heri wavuke milima ya Drakensberg kwa miguu mitupu kuliko kutawaliwa na Waingereza. Masharti yale yanasomeka vizuri hata leo. Lakini nayo yalikuwa tendo: yalihalalisha utwaaji mbele ya Bunge na wapinga utumwa wa London. Thamani yake ipimwe kwa yaliyofuata, na mwaka 1865 koloni la Natal lilipitisha sheria ya uchaguzi iliyowafungia Waafrika karibu wote nje ya kura. Mwanafunzi aliyemhoji Retief kwa haki atamhoji na Cloete kwa haki ileile.

Nakuja kwenye pingamizi. La kwanza lina uzito. Wapo wanaosema kwamba hati hizi karibu zote ziliandikwa na walowezi, wamishonari na maofisa wa kikoloni, na kumkabidhi kijana wa Kiafrika maandishi hayo ni kumjaza tena sauti ile ambayo wanahistoria wetu walihangaika kuiondoa madarasani. Nakubali kwamba hatari ipo pale hati inaposomwa kwa heshima kuliko kwa maswali. Lakini kumficha mwanafunzi hati za mlowezi hakumfanyi mlowezi anyamaze. Hitimisho lake linabaki vitabuni, ila sasa limevuliwa ushahidi ambao ungelipinga. Isitoshe, sauti za Waafrika zipo kwa anayezitafuta. Upo ujumbe wa Faku. Kipo kitabu cha Magema Fuze, Abantu Abamnyama, kilichotoka mwaka 1922, ambamo msomi wa Kizulu aliandika historia ya watu wake kwa lugha yao. Na zipo simulizi ambazo James Stuart, hakimu wa kikoloni aliyekijua Kizulu, aliziandika kutoka kwa watu karibu 200 kati ya mwaka 1897 na 1922, ambazo zilianza kuchapishwa mwaka 1976.

Hapo linakuja pingamizi la pili: simulizi hizo zilikusanywa zaidi ya nusu karne baada ya tukio, zikaandikwa na mtumishi wa serikali ya kikoloni, basi haziwezi kusimama sawa na hati za siku ileile. Miongoni mwake, kwa mfano, limo dai kwamba usiku kabla ya mauaji watu wa Retief walijaribu kuzingira makao ya mfalme. Je, tuliamini? Nasema tulipime, kwa kipimo kilekile tunachokitumia kwa wengine. Kuna kiapo ambacho Makaburu wanasema walikila kabla ya vita vya Ncome vya tarehe 16 Desemba 1838, kwamba Mungu akiwapa ushindi wataiadhimisha siku hiyo vizazi vyote. Jan Bantjes, karani wa kikosi, alikitaja katika kumbukumbu za safari, lakini maelezo yaliyopata umaarufu ni ya Sarel Cilliers, aliyeyatoa akiwa mzee, zaidi ya miaka 30 baadaye. Juu ya kumbukumbu ya mzee huyo pamejengwa sikukuu ya taifa iliyoanza mwaka 1910 na mnara uliofunguliwa nje ya Pretoria mwaka 1949. Anayekubali kumbukumbu ya mzee wa Kikaburu kuwa hati, na kuikataa ya mzee wa Kizulu kwa kuwa ni masimulizi, hajapima ushahidi. Amepima rangi. Darasa liulize kuhusu wote wawili: alikuwapo au alisimuliwa? Alikuwa akimwambia nani? Nani aliandika, na kwa nini wakati ule? Huenda zote mbili zikapungua uzito, na si vibaya, mradi zipunguzwe kwa mizani moja.

Pingamizi la tatu hutoka kwa walimu wenyewe, nami silichukulii kwa wepesi. Madarasa yamejaa, mihula ni mifupi, mtihani unauliza orodha, na hati zimeandikwa kwa Kiholanzi, Kiingereza na Kizulu. Hapa ufupi wa jamhuri unatusaidia tena. Hatuhitaji makavazi. Tunahitaji kurasa chache: vifungu vya tamko, hati ya ardhi, azimio la Agosti 1841, simulizi moja ya Kizulu, na masharti ya 1843, vyote vikitafsiriwa kwa Kiswahili na walimu wanaoijua kazi hiyo. Vipindi vitatu au vinne vinatosha. Na sababu zilezile za kukariri zitajitokeza humo, ila safari hii mwanafunzi ataweza kusema nani alizitaja na kwa faida gani, hata mtihani ukiuliza orodha ileile.

Pingamizi la mwisho ni la kifalsafa. Kijana akifundishwa kwamba kila hati ilitaka jambo, hatahitimisha kwamba zote zinadanganya, na kwamba historia ni maoni ya kila mtu? Natalia inajibu kinyume. Hati hizi zinapingana katika mengi, lakini zikiwekwa pamoja zinatulazimisha kukubali mambo kadhaa ambayo hakuna upande ulioyapanga: kwamba nchi ilikuwa na watu, kwamba uraia wa jamhuri uliwaacha nje watu hao, kwamba watoto waligawiwa kwa kazi, kwamba dola kubwa ililaani hayo na kisha ikajenga ubaguzi wake. Uhakika wa namna hii ni imara kuliko ule wa kuaminiwa kwa cheo cha msemaji, kwa kuwa umepatikana kutoka kwa mashahidi wasiopendana.

Kwetu sisi mafunzo haya yana kazi iliyo karibu. Mwishoni mwa Novemba 1884 Mjerumani Karl Peters alimwekea chifu Mangungu wa Msovero, huko Usagara, karatasi iliyoandikwa kwa Kijerumani, iliyozungumzia urafiki wa milele na kuikabidhi nchi kwa chama cha ukoloni cha Wajerumani. Februari 1885 Kaisari alitoa barua ya ulinzi kwa kutegemea karatasi za namna hiyo. Kwa miaka mingi tumemfundisha Mangungu kama mfano wa chifu aliyelaghaiwa, hata jina lake likawa kemeo kwa kila anayesaini mkataba mbovu. Mwanafunzi aliyepita Natalia hataridhika na kemeo. Atauliza Mangungu aliamini anafanya nini, na mgeni alijiandikia nini. Karatasi ile ilikusudiwa kusomwa na nani, huko Msovero au huko Berlin? Wakazi wa nchi iliyotolewa walitajwa wapi? Ataona kwamba aibu ya Msovero haimwangukii aliyekaribisha mgeni kwa desturi ya nchi yake. Inawaangukia waliojua kwamba karatasi ingesema Ulaya jambo ambalo halikusemwa Usagara.

Kwa hiyo ninawaomba wanaotunga mitaala na mitihani waweke swali moja tu la kuanzia: mpeni mtahiniwa kifungu cha hati, mwacheni aeleze kilikusudia kufanya nini, kwa nani, na kwa gharama ya nani, kisha mpeni alama kwa ushahidi anaoutoa. Swali hilo likiingia katika mtihani, litaingia darasani mwaka uleule, maana walimu hufundisha kinachotahiniwa. Nchi zetu bado zinaandika hati za ardhi, za madini, za misitu na za mikopo, na watakaozitia saini, au watakaohamishwa kwa ajili yake, ni hao wanafunzi tulio nao leo. Tuna wajibu wa kuhakikisha wanajua kuzisoma kabla hazijafika mezani kwao.